Mwalimu Aliyeketi Benchi la Nyuma

Inasimuliwa, na aliyenisimulia mimi alisimuliwa na mama yake ambaye siku hiyo alikuwa kanisani, kwamba katika milima ya Upare, zama za wazee wetu waliotutangulia katika imani, palikuwa na usharika ulioitwa Tarambwe. Na katika usharika huo palikuwa na mja mwema, Mwalimu Zefania, Mungu amrehemu.

Nawasimulia ninyi watumishi, na wake zenu, na wazee wa kanisa mnaowasimamia. Nasema mapema kwamba kisa hiki hunikasirisha kila ninapokisimulia, na sitajitia kutabasamu. Anayetaka kisa cha kubembelezea mtoto alale atakipata kwa mwalimu mwingine.

Wakati wa ile vita kuu ya kwanza, wamisionari waliojenga kanisa la Tarambwe walichukuliwa wakapelekwa mbali, na usharika ukaachwa mikononi mwa Zefania. Hakuwa mchungaji. Alikuwa mwalimu wa shule, kijana wa miaka thelathini, mwenye mke na mtoto mmoja. Lakini kuanzia siku hiyo alifundisha watoto kusoma asubuhi, akawatembelea wagonjwa mchana, akafundisha wanafunzi wa ubatizo jioni, akazika waliokufa saa yoyote walipokufa. Wenyewe walisema, "Tuna Mwalimu," kama mtu asemavyo ana paa juu ya nyumba yake. Na ni nani hulitazama paa kabla halijavuja?

Tarambwe walikuwa na kanuni moja iliyowatofautisha na majirani wao. Mkristo haombolezi kwa sauti. Zamani, katika milima ile, mtu akifa wanawake walipiga mayowe siku nzima, wakajitupa chini, wakamtaja marehemu kwa majina yake yote. Wamisionari walifundisha kwamba hivyo ndivyo walivyo watu wasio na tumaini la ufufuo. Labda walikuwa na nia njema. Lakini watu wa Tarambwe walilichukua neno hilo wakalisokota mpaka likawa kamba. Aliyelia kwa sauti kaburini alihesabiwa kuwa ameikana imani. Aliketishwa benchi la nyuma kabisa, lililokuwa peke yake karibu na mlango mdogo wa ubavuni, na hapo alikaa mpaka atubu mbele ya watu wote.

Tena palikuwa na desturi ya kupeana mikono. Ibada ikiisha, Mwalimu alisimama kwenye mlango mkubwa, akamshika mkono kila mtu na kumtakia amani. Wa benchi la nyuma hawakupita hapo. Walitoka kwa mlango wa ubavuni, bila mkono wa mtu, wakaenda zao.

Kwenye benchi hilo aliketi mwanamke mmoja mfinyanzi, mjane, jina lake Nambua. Mwanawe wa pekee, Danieli, alichukuliwa vitani kubeba mizigo ya wazungu, akarudi amebaki mifupa, akafa siku ya tisa. Nambua alijitupa juu ya udongo wa kaburi akapiga mayowe yaliyosikika ng'ambo ya bonde. Zefania ndiye aliyemketisha benchi la nyuma. Alipoulizwa mbele ya wazee kama yuko tayari kutubu, mama huyo aliuliza swali moja tu. "Nitubu lipi, Mwalimu? Kumzaa, au kumlilia?"

Waliandika kwamba ana moyo mgumu. Naye kwa miaka mitatu hakukosa Jumapili hata moja. Aliingia kwa mlango wa ubavuni, akaketi, akaimba, akatoka kwa mlango wa ubavuni. Mimi nikifikiri miaka mitatu hiyo, damu hunichemka, maana waliofanya hivyo hawakuwa watu waovu. Walikuwa watu wa sala.

Vita ilipoisha ikaja homa. Wazee wanaikumbuka homa ile iliyoingia kila nyumba. Katika miezi miwili Zefania alizika watu thelathini na mmoja. Kuna siku alizika watatu, akatoka kaburi la kwanza kwenda la pili na udongo wa la kwanza ungali kwenye viatu. Kila mahali alisimama wima, akasoma, akaomba, akawakumbusha wafiwa kwamba Mkristo haombolezi kama wapagani. Watu walimeza vilio vyao. Na yeye alimeza cha kila mmoja, maana wakishindwa kulia walikuja nyumbani kwake kuzungumza, naye aliwasikiliza wote. Yeye hakuwa na wa kumsikiliza. Mwalimu wa jirani alikuwa mwendo wa siku mbili, na huyo naye alikuwa akizika.

Kisha homa ikaingia nyumbani mwake. Binti yake Eunike, mwenye umri wa miaka sita, aliugua Jumatano na Ijumaa akafariki.

Jumamosi asubuhi Zefania alimzika mwanawe mwenyewe. Hakumwachia mtu mwingine. Alisoma ibada yote kwa sauti isiyotetemeka. Mkewe, Nakiete, alikuwa ameuma pindo la kanga kwa meno ili asitoe sauti, na waliokuwa karibu naye waliona pindo likiingia damu. Kesho yake, Jumapili, Zefania alipanda mimbari akahubiri juu ya furaha.

Sasa sikilizeni watu wa Mungu walifanya nini. Walimsifu. Badala ya kumwendea nyumbani wakakaa naye kimya, walimvisha kilemba cha ukoka. Walisema haijapata kuonekana imani kama ile. Habari zikaenda sharika nyingine, na wageni wakaja kumtazama mtu aliyemzika mwanawe bila kudondosha chozi. Kila mkutano aliombwa asimame atoe ushuhuda huo. Naye alisimama akautoa, mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, na kila mara watu walisema amina. Mtoto wa miaka sita akageuzwa kuwa mfano wa mahubiri. Hakuna hata mmoja aliyemtaja kwa jina. Walisema tu "yule mtoto wa Mwalimu".

Mimi nawaambia, huo ulikuwa unyang'anyi.

Baada ya miezi michache mambo yalianza kuharibika. Zefania alipoteza usingizi. Chakula kilimkaa kooni. Chaki ilimdondoka katikati ya somo. Aliweza kusimama mbele ya nyumba yake akiwa ameshika jembe, asijue kama alikuwa anakwenda shamba au anarudi. Na kanisani kukatokea jambo ambalo wachache waliligundua. Kila Jumapili alipoongoza sala aliyotufundisha Bwana, alipofika pale pa kuomba mapenzi ya Mungu yatimizwe, alikohoa. Usharika ulisema maneno yale bila yeye, kisha alijiunga nao kwenye mkate wa kila siku. Hakuwa na kikohozi. Ulimi ulikataa.

Siku moja darasani, msichana mmoja mdogo alicheka nyuma ya kibao chake cha kuandikia. Kicheko chake kilifanana na cha Eunike. Zefania alimpigia kelele, akawapigia kelele na wengine, maneno ambayo hakuna aliyepata kuyasikia kinywani mwake, mpaka watoto wote wakakimbia wakaacha vibao vyao. Walipokwisha kutoka aliketi chini sakafuni, na hapo ndipo wazee wa kanisa walipomkuta baada ya kuitwa.

Wazee walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa Mzee Obadia, mtu mwenye heshima zake, aliyezika ndugu wawili katika homa ile bila kutoa sauti. Walishauriana wakakubaliana kwamba huyo ni pepo wa udhaifu. Wakamwamuru afunge siku tatu. Mtu ambaye hali, wanamwamuru kufunga! Wakamzunguka, wakaweka mikono yao mizito kichwani pake, wakamkemea pepo tangu asubuhi hadi adhuhuri. Zefania alitulia katikati yao. Walipomaliza walimuuliza kama amefunguliwa. Alisema ndiyo, maana shingo ilikuwa inamuuma na alitaka waende.

Na walikuwa na haraka yao. Habari zilikuwa zimefika kwamba askofu wa misheni nyingine, aliyepewa ruhusa kuyatunza makanisa yale yaliyoachwa, angekuja Tarambwe baada ya Jumapili tatu. Alikuwa anachagua walimu wenyeji wa kuwekewa mikono kuwa wachungaji, wa kwanza kabisa katika milima ile. Jina la Zefania lilikuwa la kwanza katika orodha, kwa sababu ya ule ushuhuda. Zefania mwenyewe alikuwa ameitamani siku hiyo tangu ujana wake, tena kwa moyo safi. Alitaka kubatiza. Alitaka kuwapa watu wake meza ya Bwana, ambayo hawakuwa wameiona tangu wamisionari waondoke. Sasa usharika mzima ulikuwa roho juu, na aliyekuwa anasubiriwa aliketi sakafuni hawezi kuinuka.

Nakiete alikuwa ameyatazama hayo yote akiwa amenyamaza. Siku wazee walipoondoka baada ya kumkemea pepo, alimwekea mumewe uji, akaketi mbele yake, akasema jambo lililokuwa zito kuliko yote.

"Baba Eunike, mimi nimevunja kanuni yako. Kila Jumanne nikisema naenda kununua chungu, naenda kwa Nambua kumlilia mwanangu. Nalia mpaka sauti inakauka. Ndiyo maana mimi naweza kukupikia uji na wewe huwezi kuunywa."

Zefania alimtazama. Alikumbuka kwamba nyumba yao ilikuwa na vyungu vingi kuliko nyumba yoyote Tarambwe, na hakuwahi kuuliza kwa nini. Akamwambia mkewe kwamba anajua imempasa afanye nini kama mwalimu wa usharika. Nakiete akamjibu kwamba anajua, na kwamba Jumapili ya askofu ataenda mwenyewe kwenye benchi la nyuma, hana haja ya kupelekwa. Kisha akaondoka na kumwacha na uji wake.

Asubuhi iliyofuata Zefania aliondoka kwa hasira kwenda kwa Nambua. Alikwenda kumkaripia. Njia nzima alikuwa akipanga maneno: kwamba yeye aliyetengwa sasa anawavuta wengine, kwamba amemharibia mke, kwamba amelitia kanisa aibu wakati askofu yuko njiani. Alimkuta kwenye shimo lake la udongo, chini ya nyumba, akiponda udongo kwa mguu. Nambua alimwona, hakuacha kuponda.

Zefania alianza kusema. Alisema maneno mawili matatu, akapoteza mengine. Nambua alimsubiri ayapate. Alipoona hayarudi, alimwonyesha jiwe akamwambia akae, naye akakaa. Mwanamke akaendelea na kazi yake kwa muda. Kisha akauliza, bila kumtazama:

"Mtoto wako alipenda kula nini?"

Tangu Eunike afe, watu walikuwa wamemuuliza Zefania juu ya imani yake, juu ya andiko lililomtia nguvu, juu ya siri ya ushindi wake. Hakuna aliyemuuliza hivyo. Alifungua kinywa akasema kwamba alipenda ndizi za kuchoma, lakini hakula ndani. Alikula ule upande ulioungua tu, akampa baba yake zilizobaki. Akasema kwamba kila jioni yeye Zefania alikula ndizi zilizotafunwa upande mmoja. Akateremka kwenye lile jiwe hadi chini, na kile kilio alichokimeza kaburini, chake na cha watu thelathini na mmoja, kikatoka.

Nambua aliacha kuponda. Alipanda kutoka shimoni na miguu yake ya udongo, akaketi chini karibu naye, akaanza kumlilia Eunike. Alimwomboleza kwa namna ya zamani, kwa kumtaja jina lake na la mama yake na la bibi yake, kama alivyomwomboleza Danieli.

Walipotulia, Zefania alisema neno lililomkaa moyoni muda wote. Alisema, "Mama Nambua, nimemkasirikia Mungu. Siwezi kumwambia mapenzi yake yatimizwe. Nimejaribu. Nikisema nitakuwa mwongo."

"Basi mwambie hivyo hivyo," alisema Nambua. "Mimi humwambia kila asubuhi nikiponda udongo. Humwambia amenionea. Mpaka leo hajanipiga, na mpaka leo sijaacha kwenda kwake."

Zefania alimwomba msamaha kwa ajili ya benchi, na Danieli, na miaka mitatu. Sasa wengi wanaposimulia kisa hiki wanasema Nambua alimkumbatia akamsamehe papo hapo. Wanatia chumvi. Yeye aliinuka, akarudi shimoni, akamwambia hivi: "Mtoto wako nitamlilia, maana hana kosa. Wewe sijakusamehe bado. Ukitaka njoo Jumanne na mkeo, udongo ni mwingi."

Akaenda. Jumanne zote tatu zilizobaki alikwenda, akaponda udongo na kulia, na wiki ya pili akaweza kulala saa chache. Lakini mambo ya milimani hayafichiki. Wazee wakajua.

Alhamisi kabla ya askofu kufika, walimjia na mpango wao. Hawakuja kwa ukali. Mzee Obadia alizungumza kwa upole mwingi, na upole ule ndio unaonikera kuliko makelele. Alisema wanaelewa kwamba Mwalimu amechoka. Jumapili ahubiri tu, hata kwa kifupi, atoe ule ushuhuda wa mtoto mbele ya askofu, achaguliwe. Baada ya hapo wao watatangaza kwamba amekwenda tambarare safari ya injili ya miezi mitatu. Atakwenda kwao mkewe kupumzika kimyakimya, hakuna atakayejua, na atarudi amewekewa mikono kuwa mchungaji. Habari za shimo la Nambua watazifumbia macho. "Ni kwa ajili ya kundi, Mwalimu," alisema Obadia. "Wakijua kwamba hata wewe umeanguka, watasimama kwa nani?"

Tazameni jinsi uwongo unavyoweza kuvaa kanzu. Na mtazame pia jinsi ulivyokuwa mtamu: mapumziko aliyoyahitaji, cheo alichokitamani, meza ya Bwana kwa watu wake. Alichotakiwa kutoa ni kumtumia Eunike mara moja tu zaidi. Zefania aliwashukuru kwa kuja. Hakuwaahidi kitu, nao, kwa kuwa hawakuzoea kukataliwa naye, walidhani amekubali.

Jumapili kanisa lilijaa. Askofu alikuwa mzungu mzee aliyejua Kiswahili, aliketi mbele pamoja na wazee. Nakiete aliingia kwa mlango wa ubavuni akaketi benchi la nyuma na Nambua, na watu wakaanza kunong'ona. Zefania alisimama. Hakupanda mimbari. Alisimama chini, mahali ambapo majeneza yalikuwa yakiwekwa.

Alisema: "Mnamjua yule mtoto wa Mwalimu. Aliitwa Eunike. Alikuwa na pengo hapa mbele, na alikufa akiniomba maji. Siku ile sikuwa na imani mnayoisifu. Nilikuwa na woga. Niliwaogopa ninyi."

Akaendelea akasema kwamba hali wala halali vizuri, na kwamba miezi mingi hajaweza kuomba sala ya Bwana hadi mwisho. Kwamba amekuwa mgonjwa wa moyo na wa akili, na si pepo. Kwamba hana safari yoyote ya injili. Anakwenda kwa wakwe zake kupumzika kwa sababu hawezi kusimama tena. Kwamba aliwakataza watu kulia kaburini na kukataza kule kulikuwa dhambi yake, nayo aliitenda kwa jina la Mungu. Kisha akasema, "Kanuni ya usharika huu ni kwamba aliyelia aketi nyuma. Mimi nimelia wiki tatu." Akatembea katikati ya watu, mwendo mrefu kuliko wote aliopata kutembea, akaketi benchi la nyuma kati ya mkewe na Nambua.

Mzee Obadia alijitia hamnazo, akaanzisha wimbo, wimbo ukafa ubeti wa kwanza. Ndipo mwanamke mmoja upande wa kushoto, aliyezika mume na watoto wawili na ambaye kwa mwaka mzima hakusikika kunung'unika, akatoa yowe moja. Mwingine akaitika. Aliyenisimulia anasema mama yake hakusahau mpaka kufa kwake: kanisa lote liliwaombolezea wafu wake thelathini na mmoja, na Danieli, na Eunike, na wale wa zamani waliozikwa kimya. Wanaume wazima walifunika nyuso. Askofu aliinamisha kichwa, na hakuna aliyejua kama alikuwa akiomba au naye alikuwa akiwalilia wafu wake.

Ilipoisha, palitokea lile ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Watu waliinuka kutoka, wakakuta mlango mkubwa hauna mtu wa kuwapa mkono. Wakasimama kama waliopotea njia. Zefania alikwisha kutoka kwa mlango wa ubavuni, kama ilivyowapasa wa benchi lile, akasimama nje juani. Yule mwanamke aliyepiga yowe akageuka, akapita mlango wa ubavuni, akamshika mkono. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, kwa sababu mlango ule ulikuwa mwembamba. Wengine walitoka kwa mlango mkubwa wakinung'unika, wakaenda zao. Wajukuu wao wapo mpaka leo, tena wengine wamo katika kamati zetu.

Mzee Obadia alibaki ndani peke yake muda mrefu. Mwishowe alitoka kwa mlango wa ubavuni. Alitaja majina mawili, ya nduguze, akashindwa kuendelea, na Zefania akamshika.

Askofu hakumchagua. Alimwambia kwa heshima kwamba kanisa linahitaji watu wenye nguvu, kisha akamweka mwalimu wa jirani, ambaye baada ya miaka minne alikimbia usiku akiacha kanzu kitandani, na hakuonekana tena. Zefania alikwenda kwa wakwe zake na mkewe, akakaa misimu miwili ya mvua. Asidhani mtu kwamba alipona siku ile kanisani. Alipona kidogo kidogo, akaanguka tena, akainuka. Alirudi Tarambwe akafundisha shule mpaka uzee wake, na hakuwa mchungaji kamwe. Benchi la nyuma lilisogezwa mbele kidogo kuungana na mengine. Kanuni ile haikutangazwa kufutwa. Watu waliacha tu kuifuata.

Inasemekana msimu wa pili wa mvua, Zefania akiwa kwa wakwe zake, Nambua alitembea siku nzima kwenda kwao. Alikuwa amebeba kikaango kidogo cha udongo, cha kuchomea ndizi. Alikiweka mezani, akanywa maji, akarudi. Zefania alijua maana yake, na jioni ile ndipo aliposema sala ya Bwana hadi mwisho bila kukohoa.

Nami nasema, Mungu awarehemu wote watatu, Zefania na Nakiete na Nambua, na atuhurumie sisi. Maana ni sisi tunaomtaka mchungaji awe jiwe, kisha akipasuka tunashangaa na kusema alikuwa na pepo. Ni sisi tunaomwomba mtumishi ahubiri wiki ile ile aliyozika, tukamsifu akifanya hivyo. Na ninyi watumishi, ni ninyi mnaokubali, kwa sababu sifa ni tamu na machozi yana aibu. Bwana wetu mwenyewe alisimama penye kaburi la rafiki yake akalia, mbele ya watu, na hakuna aliyethubutu kumketisha nyuma.

Jumapili hii mkimaliza ibada mtampa mchungaji wenu mkono mlangoni, kama mlivyozoea. Mtamwambia amewabariki. Safari hii msiuachilie mkono ule haraka. Muulizeni analalaje usiku, kisha nyamazeni hapo mlangoni, hata kama foleni nyuma yenu inaguna, mpaka awajibu ukweli.